Sikio la Kufa

Baba yangu alisaga mahindi ya watu kwa miaka 23. Mashine yake ilikuwa katika banda la mabati karibu na soko, pale Kilosa, na iliendeshwa kwa injini ya dizeli. Tangu mwaka 1968 hadi 1991 alisimama kando yake akimimina debe baada ya debe, unga umemjaa hadi kwenye kope. Kinga yake ya masikio ilikuwa pamba aliyoisokota kwa vidole. Nilipomaliza sekondari, sisi watoto tulikuwa tumekwisha zoea kumgusa bega kabla ya kusema naye. Mwenyewe alilifanyia mzaha jambo hilo. Alipohimizwa aende hospitali alijibu kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Watu walicheka, lakini mama hakucheka.

Nimemkumbuka hivi karibuni kwa sababu ya jambo ambalo mwanzoni niliona ni dogo. Binti yangu anayeishi Toronto alinitumia fedha, akasema: "Baba, safari ni ndefu. Nunua hedifoni zisizo na waya, zile zinazozima kelele, upumzike ndani ya ndege." Nami, kwa tabia ya ualimu ambayo haistaafu pamoja na mtu, sikuweza kununua kitu kabla sijajua kimetoka wapi.

Hedifoni zenyewe zina umri mkubwa. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah, Nathaniel Baldwin, alizitengeneza jikoni kwake na kuziuza kwa Jeshi la Wanamaji la nchi yake. Zilikuwa chombo cha kazi, cha watu wa simu ya upepo. Ilipofika mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alitengeneza za kusikilizia muziki wa stereo, na mwaka 1979 Sony walipotoa Walkman, watu wakaanza kutembea barabarani na muziki wao masikioni.

Lakini hadithi iliyonishika ni ile ya kuzima kelele. Mwaka 1933 Mjerumani aliyeitwa Paul Lueg aliomba hataza ya wazo lililoonekana kama kichekesho: kuua sauti kwa sauti. Marekani ilimpa hataza yake mwaka 1936. Wazo lenyewe si gumu. Sauti ni wimbi, na kila wimbi lina kilele na bonde. Ukiweza kutoa wimbi jingine lenye nguvu ileile, ila kilele chake kiangukie kwenye bonde la lile la kwanza, mawili hayo yatafutana na sikio litapata utulivu. Tatizo lilikuwa vyombo. Vifaa vya umeme vya wakati ule havikuwa na wepesi wala udogo wa kufanya kazi hiyo sikioni mwa mtu.

Katika miaka ya 1950 mwingine, Lawrence Fogel, alilipeleka wazo hilo kwa marubani wa helikopta na ndege. Kisha mwaka 1978 profesa wa chuo cha MIT, Amar Bose, ambaye baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Bengal, alikuwa akisafiri kwa ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Alivaa hedifoni alizopewa ndani ya ndege, akakuta ngurumo ya injini imeumeza muziki wote. Akatoa karatasi na kuanza kupiga hesabu palepale kitini. Mwaka 1986 Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia kwa siku tisa bila kutua, katika ndege yao ndogo iliyoitwa Voyager, walikuwa na hedifoni za majaribio za kampuni ya Bose ili kuokoa masikio yao. Mwaka 1989 zikaanza kuuzwa kwa marubani, na mwaka 2000 kwa abiria wa kawaida. Waya nao ukaja kuondoka polepole. Bluetooth, iliyopewa jina la mfalme wa kale wa Denmark, ilitangazwa mwaka 1998, na ilipofika 2016 kampuni kubwa zilikuwa zinauza hedifoni zenye mambo yote mawili: hazina waya, na zinazima kelele.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Baba alipowasha injini yake mara ya kwanza mwaka 1968, wazo la Lueg lilikuwa na umri wa miaka 35. Lilikuwa njiani kwenda kwa marubani, na baadaye kwa abiria wenye uwezo. Kwa wasaga nafaka halikuwa na safari.

Hata hivyo, msomaji wangu, nisiitupie dunia lawama zote. Baba hakuhitaji hesabu za profesa. Viziba masikio vya kawaida, vile vikubwa vya plastiki vinavyofunika sikio lote, vingemfaa kuliko hedifoni hizi, ambazo hazikutengenezwa kuwa kinga ya mahali pa kazi. Na kulikuwa na mtu nyumbani aliyejua. Nilianza kufundisha fizikia mwaka 1982. Kwa miaka tisa nilichora mawimbi ya sauti ubaoni, nikaeleza kilele na bonde, nikasahihisha madaftari; kisha likizoni nilikwenda kukaa na baba bandani, nikimpigia kelele sikioni ili anielewe. Haikunijia hata siku moja kwamba somo lile lilimhusu.

Basi, nilikwenda Kariakoo. Kijana wa duka akaniamkia, akaniambia, "Mzee wangu, hizi zinazima kelele zote." Si kweli, na afadhali mnunuzi ajue mapema. Zinazima vizuri mngurumo mzito usiobadilika, wa ndege, wa basi, wa feni. Sauti ya mtoto anayelia au ya watu wanaozungumza hubadilika upesi mno, na sehemu kubwa ya hizo huzuiwa na mito yake tu. Ndiyo maana nilichagua za kufunika sikio lote. Nilizivaa nikiwa na miwani kwa dakika kumi, kwani kinachobana kidogo dukani hutesa baada ya saa sita. Nikahakikisha betri yake inadumu zaidi ya saa 20, na kwamba zina tundu la waya, maana katika ndege nyingi televisheni ya kitini bado hutaka waya. Faida kubwa kuliko zote ni hii: ngurumo ikipungua, mtu hana haja ya kupandisha muziki. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Nje ya duka palikuwa na jenereta. Nikasogea karibu nayo, nikabonyeza kitufe. Mngurumo ukazama kama jiwe majini, ikabaki sauti nyembamba ya kijana akinitajia bei. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ule ulikuwa mngurumo wa Kilosa.

Nililipa. Kisha nikaenda mtaa wa pili, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua viziba masikio vya plastiki kwa sehemu ndogo sana ya bei ile. Jioni nikampelekea kijana anayesaga unga karibu na kwangu. Akavigeuza mkononi, akavivaa, akavivua.

"Sasa mwalimu, wateja nitawasikiaje?"

"Watakugusa bega," nikamwambia.