Fizi na Baraka: Dawa za msaada zilitoka wapi, na nani hulipa mfadhili akiondoka?

Historia ya dawa za msaada katika wilaya ya Fizi, jimbo la Kivu ya Kusini, ni ya siku nyingi. Mwaka 1965, wakati wa uasi wa Simba, dawa kutoka Umoja wa Sovieti zilivuka Ziwa Tanganyika toka Kigoma na kushushwa Kibamba. Che Guevara, ambaye alisomea udaktari, alikuwa huko toka mwezi wa nne hadi wa kumi na moja. Waganga wa Kuba walitibu wapiganaji na pia raia wa vijiji vya karibu. Uasi uliposhindwa, Wakuba walivuka ziwa usiku na matibabu yao yakaishia hapo.

Baadaye serikali ya Zaire ilijaribu njia nyingine. Kufuatia mkutano wa Alma-Ata wa 1978, nchi iligawanywa katika zoni za afya 306 katika miaka ya 1980. Makanisa yalibeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Hapa Fizi, hospitali ya Nundu ni kazi ya kanisa la Méthodiste Libre.

Mwaka 1987, mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, nchini Mali, pamoja na OMS na UNICEF. Walikubaliana hivi: dawa za kwanza zinaweza kutoka kwa mfadhili, lakini mgonjwa analipa bei ndogo, pesa inaingia katika sanduku la kituo, na sanduku hilo linanunua dawa zinazofuata. Wakaaji wenyewe wanalinda pesa kupitia kamati ya afya. Hata leo vituo vingi vinaishi kwa mpango huo.

Mpango huo una shida moja kubwa: unamhitaji mgonjwa mwenye pesa. Vita vya 1996 na 1998 vilipopita hapa, vituo viliporwa, na maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania, katika kambi kama Lugufu na Nyarugusu. Sanduku likabaki tupu.

Mwaka 2003, Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walianza kazi Baraka. Matibabu yalikuwa bure. Sehemu kubwa ya pesa ya shirika hilo hutoka kwa watu binafsi wanaochangia kidogo kidogo katika nchi zao, wala si kwa serikali. Msaada huo ulifika kwa wakati. Toka 2005, meli za HCR zilirudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka, wengi wakiwa mikono mitupu, na mashamba yao yamekuwa pori. Malaria na kolera havikuwangoja wavune kwanza.

Mwishoni mwa 2020, baada ya timu zake kushambuliwa mara kadhaa, MSF ilitangaza kusimamisha kazi yake Fizi. Waliopoteza zaidi ni akina mama na watoto ambao hawakuhusika kabisa na mashambulio hayo.

Tangu Bukavu ianguke mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, familia nyingine zimekimbilia upande huu. Mwaka huo huo Marekani ilikata msaada wake mwingi. Swali la zamani limerudi: nani atalipia dawa ya mtu aliyeacha nyumba na shamba?

Kituo kikimpa kila mtu dawa bure bila mtu wa kurudisha pesa, rafu zitakuwa tupu, na mwenyeji pamoja na mkimbizi watakosa wote. Kikimfukuza asiye na pesa, watu watakufa. Kwa hiyo mfadhili anayetaka kusaidia anaweza kulipa hesabu ya wahamaji katika sanduku la kituo, ili dawa ziendelee kununuliwa. Anayeleta dawa zenyewe afuate kanuni za OMS: aulize kwanza kinachohitajika, na dawa ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuharibika.

Na kamati za afya zibandike bei ukutani na kusoma hesabu mbele ya watu, wahamaji wakiwemo. Mfadhili atakayekuja kesho ataanza kwa kuuliza hesabu hiyo.