Uchaguzi wa Ubunge wa Jimbo la 12 la Michigan, 2014

Uchaguzi wa ubunge wa jimbo la 12 la Michigan, Marekani, uliofanyika tarehe 4 Novemba 2014, ulimpata mrithi wa John Dingell, aliyekaa katika Baraza la Wawakilishi kwa miaka 59. Hakuna mbunge mwingine wa Marekani aliyewahi kufikisha muda huo. Mrithi alikuwa mkewe, Debbie Dingell.

Kiti hicho kilikuwa mikononi mwa familia tangu 1933. Baba mtu, ambaye naye aliitwa John Dingell, alikishikilia hadi alipofariki mwaka 1955. Desemba hiyo mwanawe akashinda uchaguzi mdogo akiwa na miaka 29. Alirithi pia mswada wa baba yake wa bima ya afya ya taifa, akawa anauwasilisha upya kila Bunge jipya lilipoanza. Mwaka 1965 ndiye aliyekalia kiti cha Spika siku Baraza lilipopitisha Medicare, bima ya afya ya wazee. Kinyundo cha mbao alichokigonga siku ile alikitunza, na mwaka 2010 akamwazima Spika Nancy Pelosi kwa ajili ya kura ya sheria ya afya ya Rais Obama.

Dingell alitangaza kung'atuka Februari 2014, akiwa na miaka 87, huku akilalamikia uhasama uliotawala Bunge. Jimbo, lenye Dearborn ya viwanda vya Ford na Ann Arbor ya Chuo Kikuu cha Michigan, lilikuwa ngome ya chama cha Democratic. Katika ngome kama hiyo, kiti kikiwa wazi mpambano wa kweli huwa ndani ya chama. Hapa hata huo haukuwaka. Debbie, aliyewahi kuwa ofisa wa General Motors kwa miaka mingi, alimbwaga Raymond Mullins kwa mbali katika mchujo wa Agosti. Novemba alipata takriban asilimia 65 ya kura, dhidi ya 31 za Terry Bowman wa Republican, mfanyakazi wa kiwanda cha Ford.

Wajane kurithi viti vya waume zao lilikuwa jambo la kawaida Marekani. Debbie alikuwa mwanamke wa kwanza kupokea kiti moja kwa moja kutoka kwa mume aliye hai, na ni haki kukumbuka kwamba alikiombea kura.

Aliapishwa Januari 2015. John Dingell alifariki Februari 2019. Mipaka ilipochorwa upya, Debbie aligombea jimbo la 6 mwaka 2022 na kushinda. La 12, pamoja na Dearborn, likaenda kwa mbunge mwenzake, Rashida Tlaib.