Chapo, dondo na pilipili: mlo wa Eastlands uliokutanisha bahari mbili

Mteja akiketi kwenye kibandaski cha Kaloleni au Jericho, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, na kuagiza "chapo mbili dondo", haulizwi la zaidi. Chapati hutolewa kwenye hotpoti, maharagwe huchotwa kwa upawa, kisha husogezewa chupa ya pilipili yenye kifuniko kilichotobolewa. Mwenye haraka, hasa kondakta wa matatu, huvikunja vyote pamoja na kula akitembea. Mtu wa Sonora, kaskazini mwa Meksiko, angekitambua chakula hicho papo hapo: burrito.

Tena angekuwa na haki ya kukidai. Maharagwe na pilipili vilianza kulimwa Amerika maelfu ya miaka iliyopita, Meksiko ikiwa miongoni mwa machimbuko yake. Wareno, waliotia nanga Malindi mwaka 1498 na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, walichangia pakubwa kueneza mazao hayo katika pwani za Afrika na India. Ngano ilisafiri upande wa pili. Wahispania waliipeleka Meksiko katika karne ya 16, ikakubali ardhi kavu ya kaskazini, na huko ndiko mkate mwembamba wa ngano ulikozoeleka kufungiwa maharagwe na nyama. Félix Ramos i Duarte aliiingiza burrito katika kamusi yake ya Kimeksiko ya mwaka 1895.

Mwaka uliofuata, Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa. Waliwaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao wakiwa wenyeji wa Punjab, ambako mlo bila mkate wa ngano haujakamilika. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Karibu 2,500 walikufa kazini na wengi wa waliosalia walirudi kwao, lakini wapatao 6,700 walibaki. Wao na wenye maduka waliowafuata ndio walioizoesha bara chapati.

Hata hivyo, chapati ya Eastlands si ile kavu ya Punjab. Hii ni ya unga mweupe. Husukumwa, hupakwa mafuta, huzungushwa kama konokono, kisha husukumwa tena ili ipate tabaka. Waswahili, waliofanya biashara na India karne nyingi kabla ya reli, wanaipika hivyo hivyo. Mapishi ya pwani nayo yalikuwa na makao jijini: Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, uliojaa familia za Kiislamu.

Unga wenyewe ulikuwa na mwenyewe. Lord Delamere, mlowezi Mwingereza, alihangaika na ngano huko Njoro, ugonjwa wa kutu ukamharibia mashamba, lakini hakukata tamaa, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Kwa familia nyingi za Eastlands, unga huo ulibaki kuwa anasa. Hadi miaka ya 1980 na 1990, watoto wengi walihesabu miezi wakingoja chapati za Krismasi.

Maharagwe hayakuwa na makuu. Wakoloni waliwachukulia wafanyakazi wa Kiafrika kuwa makapera wa kupita, wakawabana katika vyumba vya pamoja visivyofaa kupikia. Wanawake wakaliona pengo hilo na kuleta vyakula vilivyopikwa, maharagwe yakiwemo, huku askari wa manispaa wakiwafukuza. Uhuru ulikuja, ila mbio na askari hao, maarufu kama kanjo, zikaendelea. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, waliotembelewa na Rais Moi mwaka 1985 na kuahidiwa mabanda ya kujikinga na jua, ndio waliowapa wapishi hao majiko, sufuria na karai. Thika nayo ikatoa mbegu: mradi wa utafiti wa mikunde ulizalisha GLP-2, aina ya rosecoco inayopatikana karibu kila soko la Nairobi.

Kibandani ni pilipili pekee inayopuuzwa, kwa kuwa mara nyingi husagwa mbichi na kuzimuliwa kwa siki. Anayetaka mchuzi mwekundu wa Kimeksiko hahitaji kuvuka soko la Gikomba. Anunue pilipili nyekundu zilizokauka, atoe mbegu, aziloweke katika maji ya moto hadi zilainike, kisha azisage na kitunguu saumu na chumvi. Uji huo ukaangwe polepole hadi uwe mzito na mafuta yaelee juu. Pilipili mbuzi iwe moja tu, na hata hiyo ni kwa mwenye kifua.

Chapati sasa huliwa kila siku, ila bei yake huamuliwa mbali. Kenya hununua nje sehemu kubwa ya ngano yake, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopaisha bei ya nafaka duniani, pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Wauzaji wengine wakaongeza bei ya chapati. Wengine wakaiacha bei palepale, wakapunguza donge.