Jenereta za jeshi la Marekani zilivyoingia majumbani

Vita vya Vietnam vilipopamba moto katikati ya miaka ya 1960, jeshi la Marekani lilikuwa na kero ambayo adui hakuhusika nayo. Jenereta zake zilikuwa za kila aina. Kila tawi la jeshi lilijinunulia za kwake, na spea ya hii haikuingia kwenye ile. Mashine ikifa porini, fundi alibaki mikono mitupu hata kama kikosi cha jirani kilikuwa na ghala zima la vipuri. Mwaka 1967 Wizara ya Ulinzi ikaunda ofisi moja ya kusimamia umeme wa kuhamishika kwa majeshi yote. Herufi MEP zilizogongwa kwenye kibao cha kila jenereta ya ukoo huo zinatokana na jina la kazi hiyo.

Uamuzi ule wa kiofisi ndio uliomwezesha mkulima wa Marekani, miongo kadhaa baadaye, kununua jenereta ya jeshi mnadani, kufungua kitabu chake cha ufundi na kuifufua mwenyewe kwenye banda lake.

Kizazi cha dizeli kilichopendwa kwanza na raia kilikuwa MEP-002A ya kilowati 5 na MEP-003A ya kilowati 10. Injini zake zilitoka Onan, kampuni ya Minneapolis. Moja ina silinda mbili, nyingine nne, na zote zinapozwa kwa hewa. Ni ngumu kama jiwe, lakini kelele zake humwamsha jirani wa mtaa wa pili. Jenereta za petroli ziliendelea kutumika sambamba hadi mwaka 1988, pale jeshi lilipoamua kwamba uwanja wa vita uhudumiwe na mafuta ya aina moja tu, yale ya jamii ya mafuta ya taa yanayotumiwa na ndege. Injini ya dizeli huyameza bila shida. Ya petroli haiwezi, basi taratibu ikaondolewa.

Miaka ya 1990 zikaja MEP-802A na MEP-803A, zilizofungiwa ndani ya boksi la chuma ili sauti isizidi desibeli 70 ukiwa umesimama mita 7. Injini yake inapozwa kwa maji, na msingi wake ni Lister-Petter ya Uingereza. Jina la Lister si geni kwetu; mashine nyingi za kusaga mahindi vijijini zimezungushwa na injini za kiwanda hicho cha Dursley, kilichoanza mwaka 1867.

Jeshi likishazichoka, huzipiga mnada. Wanunuzi waliongezeka kila umeme ulipowatesa watu: baada ya dhoruba ya barafu ya Januari 1998 kaskazini mashariki mwa Marekani, wakati wa hofu kwamba kompyuta zingegoma mwaka 2000 ukiingia, baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005. Mnunuzi huichukua ilivyo, mara nyingi bila betri. Na asome kibao kabla ya kutoa hela, kwa sababu zipo zenye umbo na rangi ileile ila zinatoa umeme wa Hz 400 kwa ajili ya mitambo maalumu kama ya ndege. Hizo haziwashi friji ya mtu.

Ikifika nyumbani, ugonjwa wa kwanza huwa ni umeme wa kuwashia. Inataka volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, na moja ikilegea, stata hulalamika tu. Kisha inafuata dizeli iliyolala miaka kwenye tangi, filta zilizoziba na mabomba yaliyoshika upepo. Unageuza swichi kuu, unasikiliza pampu ya dizeli ikigonga tiki-tiki-tiki. Ukimya hapo ni jibu tosha la pa kuanzia.

MEP-803A ina tabia moja inayowapoteza wengi. Injini inaunguruma vizuri, lakini geji ya volti imelala kwenye sifuri, na mwenye mali anaamini ameuziwa chuma chakavu. Kumbe ameachia swichi mapema. Inapokuwa kwenye nafasi ya kuwashia, swichi hiyo hupeleka umeme wa betri kuamsha sumaku ya jenereta, kwa hiyo inabidi uishikilie hadi mshale wa volti upande. Pembeni ipo swichi nyingine yenye kifuniko, ya kuzuia mitambo ya ulinzi isizime injini hata oili ikiisha. Vitani ina maana: afadhali injini iungue kuliko rada izimike. Nyumbani, isiguswe.

Lakini kinachoziua zaidi ni raha. Jenereta ya kilowati 10 ilipimwa kwa ajili ya kambi yenye mzigo mzito mchana na usiku. Nyumbani inapewa friji moja na taa nne. Injini haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na masizi yenye mafuta yanajaa kwenye nozeli na ekzosi mpaka ekzosi inavuja ute mweusi. Wajuzi hutumbukiza vyuma vya hita kwenye pipa la maji na kuibebesha mzigo wa karibu uwezo wake wote, hadi moshi utakate. Naona hiyo ndiyo huduma ambayo wamiliki wengi huipuuza, na ndiyo ya lazima. Lazima nyingine ni swichi ya kubadilisha njia, maana jenereta inayorudisha umeme kwenye nguzo inaweza kumuua fundi anayerekebisha laini, na kuiweka jenereta yenyewe nje kabisa, kwa kuwa moshi wake huua watu ndani ya nyumba.

Katika muongo wa 2010 jeshi lilianza kupokea kizazi kingine kutoka Cummins, chenye kubana mafuta kwa takriban asilimia 20 zaidi na kuendeshwa kwa vidhibiti vya kidijitali. Hilo limesukuma 803A kwa wingi minadani. Na wanaozijua bado wanazikimbilia hizo za zamani: ndani yake kuna rilei, nyaya zenye namba na mchoro unaolingana nazo waya kwa waya, na mwenye mita ya kupimia umeme anaweza kuufuata ugonjwa mpaka ulipo.