Kujiamini na Kuweza

Mwanafunzi wa elimu ya kompyuta akiulizwa kama aweza kuandika programu ambayo mwizi hataipenya, huenda akajibu, "Naweza." Je, jibu hilo lina uzito gani? Historia fupi yatufundisha kulipima.

Tarehe 2 Novemba, mwaka 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliachia katika intaneti programu iliyojizalisha yenyewe na kuhama kutoka kompyuta hata kompyuta. Zilizoshikwa zilikadiriwa kuwa 6,000. Mmojawapo wa milango iliyoipitisha ulikuwa kosa dogo. Programu iliyopokea maswali ya wageni ilikuwa imetenga nafasi ya herufi 512, wala haikupima urefu wa kilicholetwa. Ikaletewa 536, zilizofurika zikaifuta alama iliyoionyesha kompyuta mahali pa kuendelea na kazi, nayo ikazitii amri za mgeni. Kilichokosekana kilikuwa hatua fupi tu ya kupima urefu.

Msiba wa namna hiyo ndio uwafanyao walimu watake kujua kama wanafunzi wao wako tayari. Njia nyepesi ni kuwauliza. Mwaka 1977, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kuwa imani ya mtu juu ya uwezo wake ndiyo imsukumayo kujaribu kazi ngumu na kuivumilia. Kwa hiyo imani hiyo hupimwa kwa namba: mwanafunzi husoma maneno, "Naweza kuzilinda siri za mtumiaji," kisha hujipa alama. Kipimo hicho kina manufaa, maana asiyejiamini huikimbia kazi kabla hajaianza.

Lakini maji ya kifuu bahari ya chungu. Mwaka 1999, Justin Kruger na David Dunning, katika Cornell hiyo hiyo, waliwatahini wanafunzi katika mambo kama mantiki na sarufi. Robo ya walioshindwa zaidi, ambao kwa wastani waliwapita wenzao 12 tu katika kila 100, walidhani wamewapita 62. Tena mwaka 2022, watafiti wa Stanford walieleza jaribio la watu 47 walioandika programu, baadhi yao wakisaidiwa na akili bandia. Waliosaidiwa waliandika programu zilizopungukiwa na usalama, na hata hivyo ndio waliokuwa wepesi zaidi kuamini kuwa kazi yao ni salama.

Basi tusemeje? Tusiwavunje vijana moyo, kwani asiyethubutu hajifunzi. Ila swali la "Je, waweza?" lisisimame peke yake. Lifuatwe na kazi, na kazi hiyo ikaguliwe na mtu ajitahidiye kuivunja. Nawe, msomaji, jaribu katika hesabu zako: kabla hujampelekea mwalimu daftari, andika pembeni idadi ya majibu unayodhani ni sahihi. Daftari likirudi, linganisha namba mbili hizo. Fanya hivyo muhula mzima, nawe utajua ni wakati gani neno lako "naweza" ni la kutegemewa.