Uvunjaji wa sukari za mwani baharini

Uvunjaji wa sukari za mwani ni kazi ya bakteria wa baharini wanaokula polisakaridi, yaani sukari za minyororo mirefu, zinazoachwa na fitoplanktoni (mwani wadogo sana wanaoelea majini) baada ya kuongezeka kwa wingi na kufa. Mfano uliochunguzwa sana ni bahari inayozunguka kisiwa cha Helgoland, Ujerumani, ambako diatomu, aina ya fitoplanktoni, hushamiri kila majira ya kuchipua. Zinapokufa, bakteria wa makundi kama Formosa na Polaribacter hupokezana zamu. Vimeng'enya vilivyo kwenye utando wao wa nje hukata laminarini, akiba ya chakula ya diatomu, vipande vipande. Kisha vipande huvutwa ndani na kumaliziwa humo. Laminarini huisha upesi. Sukari zenye fukosi na salfati hukawia kuvunjwa, hivyo kaboni yake huweza kuzama kilindini.