Kobe wa Papert na Vijiti vya Kuhesabia: Historia Fupi ya Hesabu za Mikono

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, swali la kwanza huwa ni kuhusu laptopu inayojizima yenyewe. La pili, hasa kutoka kwa wazazi, ni hili: "Nimwekee mtoto programu gani kwenye simu ndipo aelewe hesabu?" Leo nitalijibu kwa kupitia historia, maana vifaa vya kumfundishia mtoto hesabu vilikuwepo zamani kabla ya simu, na baadhi ya waliovibuni walikuwa na akili ya kihandisi kweli kweli.

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1837 Friedrich Froebel alianzisha kituo cha watoto wadogo huko Blankenburg. Aliwapa watoto seti za vitu alizoziita "zawadi". Moja ya zawadi hizo ni mchemraba wa mbao uliokatwa vipande 8 vidogo vilivyo sawa. Mtoto akiutenganisha anakutana na nusu, robo na thumuni. Akiurudisha anapata kitu kizima tena. Sehemu anaishika mkononi kabla hajaiona imeandikwa ubaoni.

Tarehe 6 Januari 1907, daktari mmoja Mwitaliano, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Rome. Kwa hesabu alitumia shanga. Shanga moja ni moja. Shanga 10 kwenye waya ni kumi. Nyaya 10 zikiunganishwa zinakuwa mraba wa mia. Miraba 10 ikipangwa juu kwa juu ni mchemraba wa elfu, na mtoto anaubeba na kuusikia uzito wake. Lakini jambo kubwa zaidi ni kanuni yake kwamba kifaa chenyewe kimwonyeshe mtoto kosa lake. Kipande kisipoingia mahali pake, mtoto anaona mwenyewe na kujaribu tena, bila kusubiri mtu mzima aje na kalamu nyekundu.

Mwaka 1952 mwalimu Mbelgiji, Georges Cuisenaire wa mji wa Thuin, alichapisha kitabu kuhusu vijiti vyake vya rangi. Viko vya urefu 10 tofauti: cheupe ni sentimita 1, chekundu 2, kijani hafifu 3, na kuendelea hadi cha rangi ya machungwa chenye sentimita 10. Panga chekundu na kijani hafifu kwa mstari mmoja, urefu wake ni sawasawa na cha manjano, yaani 5. Mtu aliyevipeleka vijiti hivyo duniani ni Caleb Gattegno, mwanahisabati aliyezaliwa Alexandria, Misri.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, mtafiti mashuhuri wa fikra za watoto, kisha akahamia chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1967 yeye na wenzake, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, walitoa lugha ya programu kwa ajili ya watoto iitwayo Logo. Baadaye kidogo wakaiongezea "kobe", roboti dogo linalotembea sakafuni likichora kwa kalamu. Kobe huyo baadaye akahamia kwenye skrini.

Mwambie kobe: nenda mbele hatua 100, geuka kulia digrii 90. Rudia mara 4. Umepata mraba. Sasa mtoto anataka pembetatu yenye pande sawa. Anakumbuka kwamba kila pembe ni digrii 60, anaandika 60, na kobe anachora kitu kingine kabisa! Afanye nini? Papert angemwambia asimame, ajifanye kobe, na atembee sakafuni. Hapo anagundua kwamba kobe hageuki pembe ya ndani bali ya nje, nayo ni 120. Mara 3 ni 360, yaani mzunguko mzima. Kosa limekuwa somo. Sisi waandishi wa programu tunaishi hivyo kila siku: hakuna programu inayokubali mara ya kwanza, na hakuna anayeitwa mjinga kwa sababu hiyo.

Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton walichapisha utafiti ninaoupenda sana. Waliunda programu iliyoitwa BUGGY, iliyoigiza mwanafunzi anayekosea hesabu, na kazi ya mwalimu ilikuwa kubahatisha anakosea vipi. Walionyesha kwamba makosa mengi ya watoto si ya ovyo. Mtoto anafuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ina hitilafu.

Mpwa wangu wa gredi ya 3 alinithibitishia hilo. Daftari lake lilijaa alama za X, na pembeni mtu alikuwa ameandika neno "mvivu". Nikaangalia: 42 kutoa 17, ameandika 35. 63 kutoa 28, ameandika 45. Huyu si mvivu. Kila safu anatoa tarakimu ndogo kutoka kwa kubwa, hata kama ndogo ndiyo iliyo juu. Amefanya hivyo ukurasa mzima bila kuchoka!

Tulichukua vijiti na mipira ya kufungia pesa. 42 ni mafungu 4 ya kumi na vijiti 2. Nikamwambia, "Nipe 17." Akatafuta vijiti 7, akaona ana 2 tu. Akanitazama. Sikusema kitu. Akafungua fungu moja, akawa na mafungu 3 na vijiti 12. Akanipa 7, akanipa na fungu moja. Akahesabu vilivyobaki: 25. Kisha akasema, "Anko, kumbe kukopa ni kufungua fungu." Ilituchukua jioni 3 na mazoezi mengi kabla hajaandika bila vijiti, lakini neno "kukopa" sasa lina maana kwake.

Kwa nini nayasema haya kwenye ukurasa wa teknolojia? Kwa sababu tumeshaona kifaa kikipelekwa peke yake. Peru iligawa laptopu nyingi za mradi wa laptopu moja kwa kila mtoto, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 katika shule 319 za vijijini haikupata ushahidi kwamba alama za hesabu au lugha zilipanda. Kwetu Kenya, tabuleti za darasa la kwanza zilianza kugawiwa mwaka 2016. Mtoto mwenye skrini inayomwambia "umekosa" na kuruka swali linalofuata hana tofauti na mwenye daftari lenye X.

Kwa hivyo jibu langu kwa mzazi ni hili. Anza na vijiti, vifuniko vya soda, maharagwe, au mafungu ya nyanya ya mama mboga. Kisha mtoto achore alichofanya. Kisha ndipo aandike tarakimu. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alieleza mpangilio wa namna hii, kutenda, picha, halafu alama, katika kitabu chake cha mwaka 1966. Mazoezi nayo ni lazima, na hapo simu inasaidia sana maana haichoki kuuliza 7 mara 8. Mtoto akikua kidogo, mjaribishie Scratch, programu ya bure iliyotoka MIT mwaka 2007 kwa mikono ya wanafunzi wa mawazo ya Papert. Inapatikana hata kwa Kiswahili.

Na kabla ya hayo yote, fungua daftari lake leo jioni. Usihesabu X ni ngapi. Tafuta ni kanuni gani anayoifuata.